Kuta zinapinda, nguzo hazisimami: jibu kwa mwalimu wa Wete

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli hapa Wete, Pemba. Mimi na mwanangu wa miaka 13 tumekusanya matofali ya plastiki ya kuchezea, aina ya LEGO, mengi ya mitumba, na sasa tuna ndoo mbili zimejaa. Tumeona kwenye simu watu wazima wenzetu huko nje wamejenga majumba, meli na minara kwa matofali hayo hayo, mambo ya kushangaza. Tukasema na sisi tujenge Beit al-Ajaib, lile jumba la Sultan la Mji Mkongwe, Unguja. Lakini kila ukuta ukifika kimo cha shubiri moja unapinda na kuachia, na zile nguzo za mbele hazisimami kabisa. Je, wenzetu wanatia gundi? Ramani wanapata wapi? Na ndoo zetu zinatosha, au nimwambie shemeji yangu aliyeko Muscat atuletee seti mpya?

JIBU: Waalaykum salaam, mwalimu. Gundi, hapana. Naanza na hilo kwa sababu nahofia chupa ishaanza kutafutwa madukani. Sanamu kubwa zinazowekwa kwenye maonyesho hugandishwa kweli, na nyengine zina chuma ndani, maana zinapita mikononi mwa watu wengi na kusafirishwa kwenye makontena. Nathan Sawaya, yule wakili wa New York aliyeacha uwakili akawa msanii wa matofali haya, hugandisha sanamu zake. Lakini anayejenga nyumbani kwa mapenzi yake aghalabu hatii gundi, na wengi wao wanaona kutia ni kuiharibu fani. Gundi ya matone inaacha ukungu mweupe juu ya plastiki, asetoni ya kuiondolea gundi hiyo inaiyeyusha plastiki yenyewe, na tofali likishagandishwa hulitoi tena ukalitumia kwengine. Na nyinyi mna ndoo mbili tu.

Halafu gundi isingekusaidieni, kwa sababu tatizo lenu si kushika. Mwaka 2012 wahandisi wa Open University ya Uingereza walilitia kwenye mashine ya kukandamiza tofali la vinundu 2 kwa 2 (vinundu ni yale matuta madogo ya juu, tuyaite hivyo tuelewane), likastahamili uzito wa zaidi ya kilo 400 kabla ya kuharibika. Ukipiga hesabu, tofali la chini kabisa linaweza kubeba mnara wa matofali wa kilomita 3 na ziada. Mnara huo hautasimama hata siku moja, na uzito si sababu. Utapinda kwanza. Ukuta wenu wa shubiri moja nao umekwenda njia hiyo hiyo.

Unapinda kwa mambo mawili, na kwa ulivyoeleza nadhani yote mawili mnayo.

La kwanza ni mchanganyiko wa ndoo. Tofali la kampuni ya LEGO lilivyo leo liliombewa hataza (haki ya mvumbuzi ya kutoigwa) Denmark tarehe 28 Januari 1958, na la mwaka ule bado linaingia kwenye la mwaka huu. Kutoka katikati ya kinundu hadi katikati ya kinundu cha pili ni milimita 8. Kimo cha tofali, bila kinundu, ni milimita 9.6. Kile kipande chembamba, ambacho nitakiita bapa, kina milimita 3.2, kwa hiyo bapa tatu ni tofali moja. Vipimo hivi vinalindwa kiwandani hadi chini ya sehemu moja ya mia ya milimita. Hataza ilipokwisha muda wake, viwanda vyengine vingi vikaanza kutoa matofali yanayoingiliana na hayo, baadhi mazuri sana, baadhi ovyo. Ndoo ya mitumba ina yote. Tuseme tofali la bandia limezidi kimo kwa sehemu 5 tu za mia za milimita. Kwa jicho huoni kitu. Shubiri ni kama safu 24. Ikiwa upande mmoja wa ukuta umebahatika kupata ya bandia na upande wa pili ya asili, huko juu pande mbili zishapishana milimita moja na ushei, na ukuta unaanza kulala.

Basi kabla ya kujenga chochote, mwageni ndoo kwenye mkeka mchambue. La LEGO lina jina limechorwa juu ya kila kinundu, herufi ndogo lakini zinasomeka kwa ukucha. Yasiyo na jina msiyatupe. Yatumieni kwa safu nzima nzima: safu hii yote ya aina moja, ile yote ya aina nyengine, kosa liwe sawa kila upande. Yale yanayolegea kabisa, ukiyapindua yanaanguka, wapeni watoto wadogo.

La pili ni kwamba mmesimamisha ngozi. Ukuta wa unene wa kinundu kimoja, mrefu, usio na kitu cha kuushika kwa nyuma, hausimami hata ukiwa wa matofali ya asili matupu. Nendeni mkatizame nyumba yoyote ya kale ya Mji Mkongwe. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zimepandishwa nene, na vyumba ni vyembamba na virefu, upana wake kama mita 3, kwa sababu boriti za mikoko haziendi mbali zaidi ya hapo. Kila mita 3 kuna ukuta mwengine unaoushika wa kwanza. Jengeni hivyo hivyo. Ukuta wa mbele uwe na unene wa vinundu viwili, viungo vya safu ya juu visikae juu ya viungo vya safu ya chini, na kila baada ya safu 5 au 6 zungusheni mkanda wa bapa ndefu unaopita kwenye pembe na kuingia kwenye kuta za ndani. Ndani hakuna atakayeona. Wekeni rangi yoyote, wekeni hata matofali makubwa ya watoto wachanga, yale ya Duplo, ambayo bila shaka mnayo na mmeyatenga mkidhani hayafai. Duplo ni mara mbili ya tofali la kawaida kila upande, urefu, upana na kimo, na tofali la kawaida la vinundu 2 kwa 4 linakaa juu yake vizuri tu. Ile milima mikubwa ya kijani mnayoiona kwenye picha, tumbo lake mara nyingi ni Duplo ya kila rangi.

Sasa Beit al-Ajaib yenyewe. Hapa nitakuwa mkali kidogo, mwalimu, uniwie radhi. Kazi yangu ni kuchora ramani za majengo, na mtu akianza na ukuta kabla ya kipimo nakosa usingizi. Wajenzi wazuri hawaanzi na ukubwa wa meza, wala hawaanzi na idadi ya matofali waliyonayo. Wanatafuta kwenye jengo kitu kimoja ambacho plastiki inacho kwa ukubwa mmoja au miwili tu, na wanakiacha hicho kitoe kipimo cha kila kitu chengine. Kwenye gari huwa ni gurudumu. Kwenye jahazi huwa ni tanga au mlingoti. Kwenye Beit al-Ajaib ni zile nguzo za chuma za roshani. Nguzo ya duara iliyo nyembamba mnaweza kuipata kwa unene wa aina mbili: tofali duara la kinundu kimoja, milimita 8, au fimbo ya milimita 3.2. Fimbo mnazo tele kwenye ndoo bila kujua: mikuki, antena, milingoti ya bendera, vipini vya mafagio ya wale watu wadogo wa plastiki, karibu vyote vimetolewa kwa unene huo mmoja.

Chukueni picha ya jengo iliyopigwa kwa mbele, pimeni kwa rula unene wa nguzo na urefu wa ghorofa moja, mgawanye. Tuseme, kwa mfano tu, ghorofa imetoka mara 20 ya unene wa nguzo. Kwa nguzo ya milimita 8, ghorofa moja itakuwa sentimita 16, na jengo zima lenye mnara litapita nusu mita kwenda juu, na upana wake mtauhamishia uwanjani. Kwa fimbo ya milimita 3.2, ghorofa ni milimita 64, yaani bapa 20 kamili. Hilo linajengeka mezani. Ndiyo maana nasema kipimo mnapewa, hamkichagui.

Na nguzo zisibebe kitu. Za kweli zinabeba; zenu ni pambo. Sakafu ya roshani itokeze kutoka ukutani kwa bapa ndefu ambazo theluthi mbili zake zimezama ndani ya jengo na kubanwa na safu za juu, kisha nguzo ije isimame chini yake baadaye, ichomekwe juu na chini kwenye kinundu chenye tundu. Fimbo inaingia sawasawa kwenye tundu hilo. Mkitaka nguzo nene, pitisheni fimbo katikati ya yale matofali duara yaliyopangwa, hayatayumba.

Kuna swali jengine ambalo hamkuniuliza: mnajenga Beit al-Ajaib ya mwaka gani? Sultan Barghash aliijenga mwaka 1883. Mnara wakati huo haukuwa pale ulipokuja kuwekwa baadaye, ulikuwa mbele, umesimama peke yake. Manowari za Kiingereza zilipopiga tarehe 27 Agosti 1896, mnara ule uliharibika pamoja na Beit al-Hukm iliyokuwa jirani, na jengo lilipotengenezwa tena ndipo mnara wa saa ukaunganishwa na uso wake. Na tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya jengo ikaanguka wakati wa ukarabati, watu wawili wakafariki. Kwa hiyo picha mbili mtakazozikuta kwenye mtandao zinaweza kuwa za majengo mawili tofauti kwa mjenzi. Chagueni moja, muishike hadi mwisho. Mimi ningejenga ile ya kabla ya 1896, kwanza kwa sababu haina mnara juu wa kuulea, pili kwa sababu watu wataanza kubishana, na mfano usiobishaniwa haujatizamwa.

Lakini ukinitaka ushauri wangu wa kweli, Beit al-Ajaib iwe ya mwakani. Mwanao ana miaka 13, na atataka kuwatia wale watu wadogo ndani. Hao wametoka 1978, wana kimo cha sentimita 4, kwa hiyo wakiwa ndio binadamu, kipimo ni kama 1 kwa 42. Kwa kipimo hicho Beit al-Ajaib haienei mezani. Nyumba ya kawaida ya Mji Mkongwe inaenea. Chumba cha mita 3, ule upana wa boriti, kinakuwa vinundu 9. Nyumba ya mita 12 kwenda juu ni safu 30. Uso wa vinundu 32 ni sentimita 25.6, nao ndio upana wa ule ubao wa chini wa LEGO wa vinundu 32 kwa 32 unaotumiwa na wengi. Mkijenga uso na kuta mbili za pembeni za kina cha chumba kimoja, nyuma mkaacha wazi, kama wafanyavyo wengi, mnahitaji kama matofali 400 ya urefu wa vinundu 4 kwa ngozi ya nje, kabla ya kutoa madirisha. Hayo naamini mnayo.

Rangi isikusumbueni. Matofali meupe ya zamani yaliyokula jua hugeuka manjano, na kuna watu huko nje wanayaroweka kwenye dawa ya kupaushia ili yarudi kuwa meupe. Nyinyi msifanye hivyo. Ukuta wa chokaa uliokaa miaka mia na mvua zake hauna weupe mmoja. Una manjano, una kijivu, na chini karibu na baraza una weusi wa maji. Tieni yaliyogeuka zaidi chini na chini ya madirisha, pale maji yanapoteremkia, na meupe juu. Mzungu anayenunua sanduku jipya hawezi kuipata rangi hiyo kwa pesa.

Kazi iko kwenye mlango. Mlango wa kuchonga hamwezi kuupata kwa kupanga matofali yakitizama juu. Mikanda yake ni myembamba mno. Unajengwa umelala, kisha unasimamishwa na vinundu vyake vikitizama njiani. Siri ni hesabu moja ambayo wajenzi wote hawa wanaijua kwa moyo: bapa 5 ni milimita 16, na vinundu 2 ni milimita 16. Hapo kilicholala na kilichosimama vinakutana bila pengo.

Acheni tundu ukutani lenye upana wa vinundu 4 na kimo cha bapa 20, yaani matofali 6 na bapa 2. Ni mlango wa kama mita 2.7 kwa 1.3 kwa kipimo chenu. Ukuta una unene wa vinundu viwili, kwa hiyo mbele acheni wazi, na nyuma pandisheni kutoka chini: bapa mbili, juu yake tofali lenye kinundu ubavuni, kinundu kikitizama nje, tena bapa mbili, tena tofali la ubavu, mara nne. Itatoka bapa 20 kamili. Sasa chukueni bapa la vinundu 4 kwa 8, la kahawia iliyoiva, mlipachike kwenye vile vinundu vya ubavuni. Linajaa tundu lote, juu, chini na pembeni, hakuna hata nafasi ya kupitisha karatasi nene.

Juu ya bapa hilo, safu mbili za katikati, pangeni vile vibapa vya 1 kwa 2 vyenye kinundu kimoja tu katikati. Mlango una vinundu 4, hesabu shufwa, hauna mstari wa katikati; vibapa hivi ndivyo vinavyoutengeneza. Kwenye mstari huo pachikeni kipande laini chembamba cha upana wa kinundu kimoja, kutoka juu hadi chini. Huo ndio mfaa wenu, ule ubao wa kati wa mlango, na utatokeza nje ya uso wa ukuta kwa milimita 1.6, kama mfaa wa kweli unavyotokeza. Safu mbili za ukingoni tieni bapa duara za kinundu kimoja, za rangi ya dhahabu mkizipata, za manjano mkizikosa: misumari ya shaba. Hizo zinabaki zimezama milimita 1.6 ndani ya ukuta, vinundu vyake tu vinafika kwenye uso. Kwa hiyo mfaa nje, misumari ndani, kivuli kinaanguka chenyewe. Mtoto wa darasa la tatu akipita atauita mlango wa Unguja bila kuambiwa.

Ghorofa zenu zifanyeni zinyanyuke moja moja. Mtindo huo LEGO wenyewe waliuzoesha watu tangu 2007 kwenye seti zao za majengo ya mjini: juu ya ukuta wa kila ghorofa unapanga vipande laini visivyo na vinundu, unaacha vinundu vichache tu pembeni vya kushikia ghorofa ya juu. Mtaweza kutia mkono ndani, kupanga vitanda na makabati, na siku mkitaka kuwaonyesha watu Unguja, kila ghorofa inaingia kwenye boksi lake. Ukinyanyua nyumba nzima kwa mkupuo kwenye ngazi za boti, usinipigie simu.

Ramani sasa. Wenzetu wengi hawana ramani ya kupewa, wanachora. Kuna programu ya bure iitwayo Studio, ya kompyuta, si ya simu, ambamo unajenga kwa vipande vya skrini na mwisho inakupa orodha ya vipande vyote kwa idadi na rangi. Kama skuli yenu ina kompyuta yenye nguvu kidogo, itawafaa. Kama haina, karatasi na penseli zinatosha kabisa, ila msitumie daftari la hesabu la miraba. Tofali ukilitizama kwa ubavu si mraba: kinundu ni 8, kimo ni 9.6, uwiano wa 5 kwa 6. Mkichora kwenye miraba, nyumba mtakayoijenga itatoka ndefu kuliko mliyoichora na matao yatakuwa mayai. Pigeni mistari yenu wenyewe, milimita 5 kwenda pembeni na 6 kwenda juu. Ni somo zuri la uwiano pia, ukitaka kulipeleka darasani.

Mkimaliza, isikae dirishani. Jua la kwetu litaendelea kuzipausha hata zile rangi mnazozitaka, kahawia ya mlango ikiwemo. Vumbi litolewe kwa brashi laini ya rangi, na vipande vikioshwa viwe kwenye maji ya vuguvugu, yasizidi nyuzi 40, na sabuni kidogo.

Na shemeji wa Muscat: asilete seti. Seti moja kubwa ina vipande vya kila aina vichache vichache, na mjenzi anataka aina chache kwa wingi. Kuna soko la mtandaoni liitwalo BrickLink, limeanza mwaka 2000 na tangu 2019 ni mali ya LEGO wenyewe, ambako wauzaji wa nchi mbalimbali wanauza kipande kimoja kimoja, kipya au kilichotumika. Aagize kwa muuzaji mmoja tu, maana nauli ya vifurushi vitano kutoka kwa wauzaji watano itazidi bei ya mali. Kwanza matofali yenye kinundu ubavuni, hayo kwenye ndoo za mitumba ni adimu na bila hayo mlango hauanzi. Yachukuliwe 50, yatatumika pia kwenye madirisha. Pili vile vibapa vya kinundu kimoja katikati, 50 navyo. Tatu vipande laini vya kahawia na bapa duara za dhahabu, kadiri mfuko wake utakavyoruhusu. Nne, bapa ndefu za vinundu 8 na kuendelea, rangi yoyote iliyo rahisi, kwa ajili ya mikanda. Tofali jeupe hata moja asinunue.